Nirudishie

Kijana huyu hakuokotwa jalalani. Baba wa babu yake alikuwa Msimamizi wa Stesheni, mtu wa kofia yenye ukingo mgumu na vifungo vya shaba alivyoving'arisha kila alfajiri kabla hajatia kitu kinywani. Miaka yote aliyoshika funguo za stesheni ile, treni mbili hazikuwahi kukutana uso kwa uso katika reli iliyokuwa chini ya amri yake. Mwanawe, yaani babu wa kijana, alikuwa Mwalimu Mkuu, na hata leo wanaume wenye mvi na vitambi vya vyeo wakimwona anakuja barabarani huficha sigara nyuma ya mgongo. Baba wa kijana ni karani wa mahakama ambaye hajapata kupokea hata kikombe cha chai kutoka kwa mtu mwenye kesi. Hao ndio watu waliomzaa. Anayetoka katika nyumba kama hiyo hana ruhusa ya kuwa mtu ovyo.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria nyingi, lakini moja ilizidi zote: maneno ya mkubwa hayarudishwi. Mkubwa akisema, mdogo husikia, huinamisha kichwa, kisha hutenda. Anayerudisha maneno, hata kwa kunong'ona, hata kama haki ni yake, hula kofi kabla ya kula chakula. Kijana alilionja kofi hilo utotoni, siku babu yake alipomwambia, "Funga mlango," naye kwa mchezo tu akaikaza sauti yake ndogo na kuigiza, "Funga mlango." Tangu siku hiyo akawa na adabu kiasi kwamba wageni waliuliza kama mtoto anaumwa.

Mtoto huyo mkimya alipenda jiko. Mama yake akikaanga vitunguu, yeye husimama mlangoni amefumba macho, na kwa kusikia tu mlio wa mafuta husema, "Sasa maji yameisha, mama, punguza moto." Hakukosea. Kwa hiyo alipomaliza masomo na kutangaza mbele ya ukoo mzima kwamba anataka kuwa mpishi, mama yake peke yake ndiye ambaye hakushtuka.

"Mpishi?" aliuliza shangazi yake. "Tumekusomesha hesabu zote zile ili uje kuhesabu vitunguu?"

Mwalimu Mkuu alifuta miwani yake taratibu, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kutoa adhabu.

"Sina ugomvi na upishi," alisema. "Nina ugomvi na kazi nusunusu. Baba yako mdogo amekuwekea kiti katika ofisi yake ya bima. Nenda kwanza kwenye hilo jiko lililokubali kukujaribu. Majaribio yakiisha wakakuajiri, nitanyamaza. Wakikufukuza, siku hiyohiyo utafunga tai uende kwa baba yako mdogo, na neno jiko lisitoke tena kinywani mwako. Umesikia?"

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia.

Jiko alilopokelewa lilikuwa nyuma ya mkahawa mmoja uliojaa watu kila mchana, chumba kirefu na chembamba kama behewa, chenye majiko upande mmoja, sinki upande wa pili, na katikati kijia ambacho watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana ukutani. Sakafu ya mlango wa nyuma ilikuwa na utando wa mafuta ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Aliyetawala humo ni mwanamke mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, ambaye wote walimwita Shefu. Hakuwa na tabia ya kusalimu. Kama mtu aliingia kazini mzima, hilo Shefu alijionea mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza kabisa, Shefu alimsukumia kijana sinia lenye samaki wabichi na kusema kwa haraka, "Samaki wawili wa kukaanga, mmoja bila pilipili. Nirudishie."

Kijana alikwisha kulichukua sinia na kugeuka. Aliposikia neno hilo la mwisho alisita, akarudi, akalishika sinia kwa mikono miwili kama mtu ampaye mkubwa kitu, akaliweka mbele ya Shefu na kuinamisha kichwa.

Wote waligeuka.

"Nini hiki?" aliuliza Shefu.

"Samaki, Shefu."

"Kwani nimekuuliza ni mnyama gani?"

"Umesema nikurudishie, Shefu."

Mchoma nyama, jitu refu lenye mikono iliyojaa makovu ya moto, waliyemwita Makaa, aliegemea ukuta akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Shefu, nakuomba, usije ukamwambia huyu atupie jicho sufuria," alisema. "Tutalikuta kwenye supu."

Wote walicheka isipokuwa wawili. Shefu aligonga meza kwa upawa.

"Maneno, si samaki," alisema. "Nikitoa agizo, unanirudishia maneno yangu vilevile nilivyoyatoa, nijue yamefika. Mimi hapa nina moto mbele na wahudumu dirishani, sina nafasi ya kuwatazama nyuso zenu. Haya. Samaki wawili wa kukaanga, mmoja bila pilipili. Nirudishie maneno."

Kurudisha maneno. Shavu la kijana lilipata moto mahali palepale lilipotua kofi la utotoni. Kisha akainamisha kichwa chini kabisa, kwa heshima yote aliyolelewa nayo.

"Kichwa sikisikii," alisema Shefu, akampa mgongo.

Siku hiyo tuiache ipite. Ulimi uliofungwa miaka mingi haufunguki kwa amri moja, na mwenye haki hatamlaumu kwa hilo. Lawama inaanzia baadaye kidogo, siku Makaa aliposimama naye sinkini akinawa masizi na kumwambia, bila nia mbaya, kwamba Shefu mwenyewe aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akiajiriwa kusugua masufuria katika sinki lilelile.

"Kusugua tu?" aliuliza kijana.

"Kusugua tu. Alikuwa anapika wapi, wakati hata kisu walikuwa hawampi?"

Kuanzia hapo kilichokuwa adabu kiligeuka kitu kingine, ingawa kwa nje kilivaa nguo zilezile. Shefu akiagiza, kijana aliendelea kuinamisha kichwa. Lakini ndani ya kichwa hicho sauti ilikuwa ikisema: kitukuu cha Msimamizi wa Stesheni, mjukuu wa Mwalimu Mkuu, amrudishie maneno msugua masufuria, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefundishwa irabu? Haitakuwa. Na kila alipojiuliza kama anafanya vibaya, alijijibu kwamba anashika sheria ya babu yake. Hakuna kiburi kinachostarehe kama kile kilichopata sheria ya kujifunika.

Wakamwita Bubu. Jikoni jina baya hushika kuliko harufu ya samaki. Wahudumu walimwita hivyo, mleta mboga alimwita hivyo, na mwosha vyombo, mama wa makamo ambaye mwenyewe hakuwa msemaji, alimwonyesha kwa ishara za mikono mahali pa kuweka sahani, kama kwamba hata kusikia hasikii. Aproni yake aliikuta mara kwa mara ndani ya ndoo ya maji machafu. Kisu chake kilihama chenyewe. Akimwomba mtu chumvi, aliambiwa, "Ala, kumbe kinatoa sauti," na chumvi haikuja. Shefu alimpa vitunguu amenye magunia kwa magunia, na kijana alivimenya macho yamemwiva, kichwa kikiwa juu.

Jambo lililomkera Shefu zaidi ni kwamba kijana alijua kupika. Siku moja alichovya kijiko katika mchuzi wake, akaonja, akaonja tena akitafuta kosa, asilipate.

"Mkono unao," alisema kwa chuki. "Mdomo ndio huna. Mwisho wa mwezi nitaulizwa habari zako huko ofisini, na wallahi sijui nitasema nini."

Kijana aliinamisha kichwa. Moyoni alijiambia kwamba mkono utasema badala ya mdomo.

Ikafika wiki ya mwisho ya majaribio. Mchana huo mkahawa ulifurika, wahudumu wakigombania dirisha, moto wa majiko yote ukiwa juu. Karai kubwa la mafuta ya kukaangia lilikuwa limechafuka, ikabidi liondolewe juu ya moto likiwa bado linachemka, lisogezwe upande wa sinki. Shefu hakumwachia mtu kazi hiyo. Alifunga vitambaa mikononi, akalinyanyua, na kabla ya kugeuka akapaza sauti: "Mafuta nyuma. Nirudishie."

"Mafuta nyuma," alijibu Makaa kutoka kulia.

"Mafuta nyuma," alijibu mwosha vyombo kutoka kushoto.

Kijana alikuwa nyuma ya Shefu hasa, amechuchumaa kwenye rafu ya chini akivuta trei ya viazi. Alisikia. Alijua maana yake: mafuta ya moto yanapita, aliye njiani aitike. Alikuwa amelisikia agizo hilo kila siku tangu aanze kazi. Akainamisha kichwa. Ndivyo alivyofanya mwana wa watu: aliuinamishia kichwa mgongo wa mtu.

Shefu alisikiliza nyuma yake, akasikia kimya, akajua njia ni tupu. Akageuka. Nyonga yake ikapiga bega la kijana, karai likayumba, mafuta yakapanda juu ya ukingo na kushuka kwenye mkono wake wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi kiganjani.

Hakuliachia karai. Kama angeliachia, lote lingemwagikia mgongo uliokuwa chini yake. Alilishika akiungua, akapiga hatua moja, akaliweka sakafuni taratibu kama anayelaza mtoto. Ndipo akatoa sauti, na haikuwa sauti ambayo mtu angependa kuisikia mara ya pili.

Mwosha vyombo alimvutia kwenye bomba. Makaa alimnyanyua kijana kwa ukosi wa shati.

"Ulikuwa pale. Ulisikia au hukusikia?"

Kijana alitikisa kichwa kuitika.

"Sema kwa mdomo."

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Niliinamisha kichwa."

Makaa alimtazama, kisha akamwachia na kujifuta mikono kwenye aproni, kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

Maji yaliendelea kumwagika juu ya mkono wa Shefu. Alisema bila kugeuza uso, "Kesho uje na aliyekulea."

"Shefu, baba yangu huwa yuko kazini asub..."

"Sijasema baba. Nimesema aliyekulea. Huyo aliyekufundisha ububu nataka nimtie machoni."

Kijana alikwenda nyumbani kwa miguu, na njia yote alikuwa akiona tai. Aliiona shingoni mwake, akaiona ofisi ya bima, feni inayozunguka polepole, baba yake mdogo akimwonyesha droo ya vibanio. Alipofika alisimama mbele ya kiti cha babu yake.

"Babu, Shefu anakuita."

"Ananiita?" Mwalimu Mkuu alilitafuna neno hilo. Katika maisha yake yote yeye ndiye aliyeita wazazi wa watu. Hakuna aliyepata kumwita yeye. "Umefanya nini?"

Kijana alimweleza kwamba mtu ameungua, kwa bahati mbaya. Alichoacha kueleza kilikuwa kirefu kuliko alichoeleza. Babu hakuuliza zaidi. Alikwenda kulitoa koti lake.

Asubuhi waliingia kwa mlango wa nyuma, mzee mbele, mjukuu nyuma. Shefu alikuwa amesimama pale alipozoea kusimama, mkono umefungwa bendeji mpaka vidoleni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole na mkono."

"Asante. Bado haujapoa." Hakumkaribisha kiti, hapakuwa na kiti. "Mzee, huyu mtoto ni bubu?"

"Si bubu."

"Ana kiburi?"

"Ana adabu. Katika nyumba yangu mtoto harudishi maneno ya mkubwa. Nilimfundisha mwenyewe, wala sijutii."

"Na katika nyumba hii, asiyerudisha maneno anaunguza watu," alisema Shefu. "Kwa hiyo mzee umekuja kunifundisha adabu, au umekuja kumchukua mtoto wako?"

Makaa aliacha kunoa kisu. Kwa muda wale wawili walitazamana, na kijana, aliyewahi kuwaona wakubwa wa wilaya wakiinama mbele ya macho yale, aliona kwamba Shefu hakupepesa. Mwalimu Mkuu ndiye aliyegeuka, lakini hakugeukia mlango. Alimgeukia mjukuu wake.

"Siku ya kwanza alipokwambia umrudishie, ulielewaje?"

"Nilirudisha samaki, babu."

Makaa alikohoa. Mzee hakutabasamu.

"Hilo ni kosa la lugha. Kosa la lugha husahihishwa. Alikusahihisha?"

"Ndiyo, babu."

"Lini?"

"Palepale."

"Basi ulielewa."

"Nilielewa."

"Kwa nini hukutenda?"

"Kwa sababu ulinifundisha kwamba..."

"Usijifiche kinywani mwangu. Nimekuuliza wewe. Kwa nini?"

Kijana alitazama sakafu, akatazama sinki, masufuria ya jana yakiwa yamepangwa juu yake. Alijua kwamba uongo hautamsaidia. Mzee yule alikuwa ameunusa uongo wa watoto tangu kabla baba yake hajazaliwa.

"Kwa sababu alikuwa msugua masufuria," alisema.

"Na niliyasugua yakatakata," alisema Shefu.

Mwalimu Mkuu alivua miwani. Hakuifuta. "Baba yangu aliitwa nani?"

"Msimamizi wa Stesheni."

"Huyo ni wa kwenye picha iliyo ukutani kwetu. Makuli wa reli walimwita Kasuku. Stesheni ya pili ikipiga simu kwamba treni imetoka, aliyarudia maneno yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza machungwa nje. 'Treni ya mizigo imetoka kwako, njia yangu ni nyeupe, naipokea.' Wakamcheka, wakamwigiza, watoto wakamzomea akipita. Na aliyekuwa upande wa pili wa simu ile, mara nyingi ni kijana wa juzijuzi, mwana wa mchimba mitaro, ambaye kwa cheo hafiki kwenye soli ya kiatu chake. Alimrudishia huyo pia. Kisha akija nyumbani, mimi nikimrudishia maneno mezani, ananichapa. Hakuchanganya mambo hayo mawili hata siku moja. Mezani mtoto hunyamaza kwa sababu anafunzwa. Kazini neno ni kama treni: aliyelituma anataka kujua limefika, na halimuulizi mtu yeyote ukoo wake. Wewe umeichukua sheria ya meza yangu ukaifanya pazia la majivuno, na nyuma ya pazia hilo umemwunguza mtu ambaye angeweza kukumwagia karai lote asilaumiwe."

Sauti haikupanda. Kijana alitamani ingepanda.

"Hotuba nzuri," alisema Shefu, "lakini wateja wangu hawali hotuba. Mzee, nikimfukuza?"

"Ana kiti kinamngoja, na tai."

"Kiti." Shefu alimkagua kijana kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, kama anayekagua samaki aliyelala. "Hapana. Akikaa kwenye kiti ataishi akinisimulia vibaya. Wewe, sikiliza. Majaribio yako yanaanza leo upya. Hutagusa jiko mpaka mkono huu uote ngozi. Utasimama kwenye sinki lile, utasugua kila sufuria itakayotoka kwa Makaa, na Makaa ana tabia ya kuunguza."

"Siunguzi," alisema Makaa. "Natia rangi."

"Nirudishie," alisema Shefu, akampa kijana mgongo.

Kijana alimtazama babu yake. Huko ndiko kofi lilikotoka. Shavu lake lilikumbuka vizuri. Mzee hakumtolea ishara yoyote, wala kukunja uso wala kuukunjua. Aliachwa peke yake kati ya mgongo ule na macho yale.

"Majaribio yangu yanaanza leo upya," alisema kwa sauti ya chini. "Sitagusa jiko..."

"Sisikii. Nina moto mbele."

"Majaribio yangu yanaanza leo upya," alisema tena, na safari hii wahudumu waliokuwa wakipanga viti ukumbini waligeuka. "Sitagusa jiko mpaka mkono wako uote ngozi. Nitasimama kwenye sinki lile, nitasugua kila sufuria itakayotoka kwa Makaa."

"Sinki," alisema Shefu. Hakuongeza pole, wala karibu, wala lolote.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani yake na kuelekea mlango wa nyuma. Hakumuaga mjukuu.

"Mzee," aliita Shefu, bado akiwa amewapa mgongo, "sakafu hapo mlangoni ina mafuta. Shika ukuta."

Mzee alisimama. Katika nyumba yake, barabarani, shuleni, hakuna aliyepata kumwambia ashike ukuta.

"Sakafu ya mlangoni ina mafuta," alisema, kwa sauti iliyonyooka ya mtu anayesoma ubaoni. "Nashika ukuta."

Akaushika, akatoka. Makaa alitazama dari kwa bidii kubwa, na hakuna aliyecheka.

Kijana alikunja mikono ya shati. Alisugua mpaka ngozi ya mkono wa Shefu ikaota, na ilichelewa kuota. Alisugua huku Makaa akitia rangi kwa makusudi. Na kila agizo lililopita juu ya kichwa chake, liwe lake au la mwingine, alilirudisha kwa sauti iliyogonga vigae. Hawakumpenda kwa hilo, ila waliacha kumwita Bubu. Leo ana jiko lake na watu walio chini ya amri yake, na jambo la kwanza analowafundisha si kisu. Mgongo wake hauna kovu hata moja. Mkono wa Shefu unalo, kuanzia kiwiko hadi kiganjani.

Basi nyinyi vijana mliosoma mpaka hapa, mnaoinamisha vichwa, mnaoinua mabega, mnaojibu kazi ya watu kwa kidole gumba kwenye simu: acheni. Ukipewa neno la kazi, lirudishe, lote, kwa sauti itakayomfikia hata aliyekupa mgongo. Wala usianze kwanza kumpima aliyelitoa alizaliwa na nani na aliingia kwa mlango upi. Hayo yamekwisha kusemwa. Rudisheni.